Rangi ya Kucha kwenye Nati

Watu walimwita Kucha, na lilikuwa jina la utani la kejeli, maana kucha zake mwenyewe hazikuwahi kupakwa rangi tangu azaliwe. Zilikuwa fupi, nyeusi pembeni kwa grisi, na ile ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa na ufa tangu alipojigonga na nyundo akiwa darasa la saba. Lakini mfuko wa juu wa ovaroli yake haukukosa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Mwenye duka la urembo alishazoea kumpa bila kumuuliza ni ya harusi ya nani.

Kichupa kile kilikuwa cha kazi. Yeye na baba yake walikuwa mafundi wa mashine za boti, na si hizi za siku hizi zenye kifuniko cha plastiki na kompyuta ndani, ambazo zikigoma unaambiwa uzipeleke kwa mtu mwenye kompyuta nyingine. Wao walishika zile za zamani, za kufunga nyuma ya boti kwa vibanio viwili, zilizotengenezwa na watu ambao hawakuona aibu kuacha kazi yao ionekane. Tangi la bati liko nje, linasuguliwa mpaka unajiona meno. Kabureta iko nje. Unaweza kuifungua yote kwa spana tatu na bisibisi moja, ukaipanga juu ya gazeti, na ukiwa na akili timamu ukairudisha bila kubakiza kitu. Gia haina. Ukivuta kamba ikawaka, boti imeshaondoka, na kama ulikuwa umesimama, shauri yako.

Juu kabisa, wazi, bila kifuniko chochote, inakaa flaiwili. Ni gurudumu la chuma la kilo tatu na nusu. Ndilo unalolizungushia kamba ya kuwashia, na mashine ikishika, linazunguka mara elfu nne kwa dakika mbele ya kifua cha anayeendesha, karibu kiasi cha kumpepea shati. Wapenzi wa mashine hizi wanasema uzuri wote uko hapo: unakaa karibu na kitu chenye nguvu na unakiona kikifanya kazi. Kinacholishikilia gurudumu lile lisiruke ni nati moja.

Ndiyo maana Baba alikuwa na sheria. Unaweka washa, kile kipete cha bati chenye sikio, unakaza nati kwa spana ndefu yenye kipimo mpaka kipimo kiseme basi, unakunja sikio la washa likumbatie nati, halafu, mwisho kabisa, unaweka nukta ya rangi nyekundu, nusu juu ya nati na nusu juu ya chuma, ili nati ikisogea hata unywele mmoja rangi ipasuke na uone. Baada ya nyekundu, hakuna anayegusa. Nyekundu ndilo neno la mwisho. Kucha alipokuwa na miaka kumi na sita aliwahi kukaza tena nati iliyokwisha kupakwa, kwa nia njema tu, na Baba alimnunia siku mbili. "Ukiigusa baada ya rangi," alimwambia, "unaniambia mimi ni mwongo." Miaka ishirini ilikuwa imepita na sheria ile haikuwahi kuvunjwa, mpaka Alhamisi moja alasiri, Kucha alipoweka rangi kabla ya kukaza.

Tuelezane vizuri, maana mtu anaweza kudhani alikuwa mzembe, na hakuwa. Mashine ilikuwa ya daktari wa meno, aliyeirithi kwa mjomba wake ikiwa imelala kwenye banda la kuku miaka ishirini na sita. Waliikuta pistoni zimeganda, na bomba la moshi limejaa mavi ya kuku yaliyokauka kama saruji. Waliziloweka pistoni kwa oili wiki tatu. Baba alisuka upya koili kwa waya mwembamba kama uzi, miwani miwili ikiwa puani, mmoja juu ya mwingine. Kucha alichonga boya jipya la kabureta kwa kizibo, akalipima kwenye kikombe cha petroli usiku na mchana. Miezi minne yote hiyo daktari alikuwa akituma ujumbe: imefikia wapi, imefikia wapi. Alhamisi akaandika: "Naomba picha moja tu ikiwa imekamilika, nimwonyeshe mama. Anaondoka leo."

Ilikuwa imebaki nati. Spana ya kipimo ilikuwa ng'ambo ya karakana, kwenye ndoano ya juu, na jua lilikuwa linaingia mlangoni vizuri kwa picha. Kucha akaibandika flaiwili, akakaza nati kwa vidole, akarudi nyuma kutazama. Bila ile nukta nyekundu mashine ilionekana kama mtu aliyesahau kufunga kifungo cha shati. Akatoa kichupa, akaweka nukta. Akapiga picha, akaituma. Ataikaza sasa hivi, alijisemea, na ataipaka upya.

Daktari akapiga simu. Madaktari wa meno wamezoea kuongea na watu waliopanua midomo wasioweza kujibu, na huyu hakuacha tabia hiyo kazini. Aliongea dakika arobaini. Alimweleza habari za mjomba, za kuku, za boti atakayonunua. Simu ilipokatika sikio la Kucha lilikuwa la moto na jua limekwenda zake. Alizima taa, akafunga mlango, akarudi nyumbani kupika. Alisahau. Hakuna neno lingine la kulipamba.

Asubuhi aliingia karakana saa mbili na robo na kukuta stendi haina kitu. Mashine haipo, kamba haipo, dumu la mafuta halipo, toroli halipo. Kwenye ubao Baba alikuwa ameandika kwa chaki, kwa zile herufi zake zilizolala: NIMEIPELEKA KUIFUNGUA KIFUA. CHAI IPO.

Kuifungua kifua, kwa lugha yao, ni kuijaribu bwawani mpaka mwisho wa nguvu zake. Kucha alicheka. Mzee wa miaka sabini na mbili, na bado hawezi kuona mashine imekamilika akasubiri mtu. Alishika kikombe cha Baba kilichoachwa nusu juu ya meza, na chai ilikuwa vuguvugu bado. Akachukua ufagio. Simu yake ikalia mfukoni mwa ovaroli, ujumbe kutoka kwa daktari, mioyo mitano na ile picha ya jana, na chini yake swali: "Samahani kwa usumbufu fundi. Hako kachuma kenye sikio, hapo kando ya kikombe, kazi yake ni nini?"

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Kisha akatazama mezani. Washa ilikuwa palepale, kando ya kikombe, sikio lake halijakunjwa, inang'aa.

Kwanza hakuelewa. Alisimama na ufagio mkononi akijaribu kutafuta maelezo mengine: labda ni washa ya akiba, labda Baba aliweka nyingine. Washa ya akiba hawakuwa nayo. Hii aliikata mwenyewe kwa mkasi wa bati wiki iliyopita. Ndipo alipoelewa. Aliiona nati ile kwa macho ya rohoni, imeshikwa na nguvu ya vidole vyake viwili tu, na juu yake ile nukta nyekundu inayosema imekazwa. Na Baba, aliyetunga sheria, angeiona rangi na kuondoa mkono. Asingeigusa kabisa. Kuigusa kungekuwa kumwita binti yake mwongo.

Alimpigia. Simu ikaita nyuma yake, ndani ya koti la Baba lililoning'inia kwenye msumari.

Alikimbia. Aliuacha mlango wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akapita mbele ya fundi cherehani na mbele ya saluni, akisikia watu wakimwita, "Kucha! Kuna nini?" na asijibu. Kutoka karakana mpaka gati la bwawa ni dakika kumi za mtu anayetembea. Alijua mzee wake anavyofungua mashine kifua, hatua kwa hatua, kama anavyojua njia ya chooni kwake gizani: dakika ishirini polepole, kumi za katikati, halafu moto wote, mpaka maji yaombe msamaha. Chai ilikuwa vuguvugu. Toroli linakwenda polepole. Alijaribu kupiga hesabu na hesabu zikamkataa, tarakimu zikawa zinaruka kichwani kama panzi.

Alipofika kwenye kona ya ghala alisikia mashine. Silinda mbili, sauti ya chini, ya kukohoa kwa mpangilio, pu-pu-pu-pu. Siku nyingine angesimama aisikilize kwa raha. Sasa alisikiliza kasi yake tu. Ilikuwa polepole bado. La, ilikuwa imepanda kidogo. Ilikuwa ya katikati.

Kuna mambo mawili yanayoweza kutokea nati ya flaiwili ikiwa haijakazwa, na alikuwa anayajua yote mawili. Gurudumu linakaa kwenye shafti iliyochongoka, na kati yake kuna kijichuma cha umbo la nusu mwezi, kii, kisicho kikubwa kuliko ukucha. Nati ikilegea, gurudumu linaanza kucheza, na kii inakatwa kidogo kidogo. Ikikatika yote, cheche zinapoteza wakati wake, mashine inakohoa mara moja na kuzima, unarudi nyumbani kwa kasia huku ukitukana. Hiyo ndiyo bahati. La pili ni kwamba nati inafunguka yenyewe kabla, kasi ikipanda ghafla au ikishuka ghafla, na gurudumu linapanda juu ya shafti likiwa na kasi yake yote. Aliwahi kuona tundu ambalo gurudumu kama lile liliacha kwenye ukuta wa tofali. Hakutaka kufikiria kifua. Alikifikiria kila hatua.

Mlinzi wa gati alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, filimbi shingoni, redio mapajani. Alimwona Kucha akija mbio akasimama.

"Fundi! Vipi, mbona hivyo?"

"Baba yuko wapi?"

"Si yule pale. Ametoka kitambo. Leo mashine inaimba, nakuambia!" Alimtazama usoni na tabasamu likamtoka. "Kuna tatizo? Nimpigie filimbi arudi?" Na filimbi ikawa tayari mdomoni.

Kucha aliikwapua kwa nguvu mpaka kamba yake ikamkwaruza mzee wa watu shingoni. "Usipige! Ukipiga hiyo unamuua!"

Mlinzi alijishika shingo. Filimbi ndefu, kwa sheria ya bwawa, ina maana moja: hatari, boti zote zirudi haraka. Na Baba hakuwa mtu wa kupuuza filimbi. Angeusukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, aje kuona nani amezama. Kucha alipoyafikiria hayo aligundua jambo la pili. Yeye mwenyewe alikuwa filimbi. Baba akimwona binti yake anakimbia gatini, anapunga mikono, anapiga kelele, angefanya nini? Angekuja. Angekuja kwa moto wote, kama baba yeyote.

"Kaa chini, mzee wangu," alimwambia mlinzi. "Tafadhali. Kaa tu, jifanye hakuna kitu."

"Lakini kuna nini?"

"Nati haijakazwa. Ya flaiwili. Kaa chini."

Mlinzi alikuwa ameishi na boti vya kutosha. Alikaa, akaiweka redio chini taratibu.

Kucha akaingiza mikono mifukoni na kutembea. Hatua za gati lile zilikuwa arobaini na kitu, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyokuwa ngumu kama kuzitembea polepole. Alijitia hamnazo. Alitazama ndege. Ndani ya mifuko vidole vilikuwa vimekunjwa ngumi mpaka vinauma. Alijilazimisha kupiga miayo, na miayo ikatoka kama kwikwi.

Boti ilikuwa mita mia mbili hivi. Baba alikaa nyuma, mkono wa kushoto kwenye usukani wa mashine, kofia imegeuzwa nyuma kwa sababu ya upepo, na kati ya kifua chake na maji ile flaiwili iling'aa kama sahani. Alimwona. Aliinua mkono juu, kidole gumba kimesimama, furaha tupu, na hakuwa na hili wala lile. Kisha akainua kidole kimoja cha shahada. Kucha alikijua kidole kile. Maana yake ni: sikiliza hii.

"Hapana," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata mlinzi hakuisikia. "Hapana, Baba, hapana."

Mashine ikapanda. Ilipanda yote, moja kwa moja, pua ya boti ikainuka na sauti ikawa uzi mmoja uliovutwa, na Kucha akasimama pale akitabasamu. Midomo ilikuwa imekauka ikagandia kwenye meno, ikawa ndiyo tabasamu lenyewe. Hakuomba, hakuhesabu. Alitazama kifua cha baba yake, shati la mistari lililofungwa hadi juu, na akaona jinsi lilivyokuwa linapepea. Boti ilipita mbele ya gati, ikakata kona, ikarudi. Mlinzi nyuma yake alikuwa ameziba macho kwa viganja.

Karakana ni mahali pa kelele, na wao wawili walikuwa na lugha yao ya mikono. Kiganja bapa kikishuka: punguza. Ngumi: zima. Na kulikuwa na kanuni kwamba aliye pembeni ndiye bosi, kwa sababu aliye kwenye mashine hasikii kitu na anaona upande mmoja tu. Kucha akatoa mkono mfukoni. Aliutoa taratibu, kivivu, kama mtu anayefukuza nzi, akaunyoosha bapa na kuushusha. Punguza. Kidogo. Tena kidogo. Asiushushe ghafla, alikuwa anamwomba moyoni, ghafla nayo ni mbaya. Na mzee, ambaye nyumbani hakuna anayeweza kumwambia hata abadilishe soksi, alitii mkono wa binti yake. Sauti ikashuka kwa ngazi, ikawa ya katikati, ikawa ya chini, ikawa pu, pu, pu, na pua ya boti ikakaa majini.

Mita thelathini. Ishirini na tano. Ndipo alipomwona Baba anainama kuelekea koki ya mafuta.

Hilo Kucha hakuwa amelifikiria. Baba hakuzima mashine kwa kitufe, kamwe. Aliona ni ushamba. Alifunga koki, akaiacha mashine inywe mafuta yaliyobaki kwenye kabureta mpaka yaishe, ili yasigandie ndani. Ni utaratibu safi kabisa. Lakini mashine za namna hii, mafuta yakikaribia kuisha, hupandisha sauti zenyewe sekunde chache kabla ya kufa. Zinapiga ukelele wa mwisho bila mtu kuzigusa. Baba aliupenda ukelele ule. Alikuwa akisema, "Inaaga."

Kucha akainua ngumi.

Baba akatikisa kichwa, akaonyesha koki kwa kidole. Wewe mtoto wewe, utaratibu umesahau?

Ngumi tena.

Baba akaweka kiganja nyuma ya sikio, unasemaje, na ili asikie vizuri akainama mbele, juu ya mashine, kichwa kizima juu ya flaiwili inayozunguka, kidevu kikiwa umbali wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye nati.

Kucha aliinua ngumi zote mbili. Hakuweza tena kujifanya. Uso wake ulikuwa umeharibika na machozi yalikuwa yanashuka, na mzee, mita kumi na tano kutoka pale, akauona uso ule. Alishtuka. Mkono wake ukaondoka kwenye koki, na kwa sekunde moja, iliyokuwa kwa Kucha kama kufa, hakujua aupeleke kwenye mafuta au kwenye kitufe. Kisha kidole kikabonyeza kitufe.

Mashine ikakata. Flaiwili ikazunguka mara tatu, nne, ikiyumba kama sahani iliyotupwa mezani, ikatoa mlio mmoja wa chuma kavu, kla, ikasimama. Hakukuwa na kelele nyingine isipokuwa maji. Boti ilikuja yenyewe kwa nguvu iliyobaki, ikagusa gati, na Kucha akaruka ndani kwa kishindo kilichoiyumbisha.

"Nani amekufa?" Baba aliuliza. "Mama yako?"

"Toka hapo. Baba, sogea huku. Sogea tu."

"Nakuuliza nani amekufa!"

Kucha akageukia mashine. Alionyesha nati kwa kidole. Baba akafuata kidole, akaona rangi imepasuka. Akashika nati kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na ikazunguka. Alipoizungusha mara mbili tu ilitoka yote ikabaki kiganjani mwake. Chini hapakuwa na washa. Aliinyanyua flaiwili kwa mikono yote miwili, ikatoka bila ubishi, na kii ikadondoka sakafuni mwa boti, imekatwa karibu yote, imebaki ngozi.

Baba alikaa. Aliitazama nati, na Kucha akangojea hasira, akaitamani, maana ingekuwa haki yake. Haikuja. Mzee alitia mkono mfuko wa shati na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa kukunjuliwa mara nyingi. Kucha hakuwahi kuiona. Ilikuwa imeandikwa kwa zile herufi zilizolala: oili kwenye petroli. Plagi. Platini. Koki wazi. Nati ya flaiwili. Kasia ndani. Na kando ya kila mstari, tiki ya kalamu ya risasi.

"Nimeweka tiki," Baba alisema. Alimwonyesha mstari kwa kidole. "Ona. Nimeweka tiki, na sikuikaza."

"Hii ni nini, Baba?"

"Ni kichwa changu." Alijaribu kucheka. "Mwaka sasa naandika. Mambo yananitoka, mama. Jana nilisimama mlangoni pa nyumba yangu nikawa sijui nilikuwa naingia au natoka. Nikasema sitawaambia, bora mikono bado inajua kazi. Sasa hata mikono." Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona kitu kikubwa kikija na hana pa kukimbilia. Kucha hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Hata dakika tano zilizopita, na mauti yakizunguka mbele ya kifua chake, hakuwa ameogopa. "Nimeipaka rangi mwenyewe, bila kukaza, na sikumbuki. Sikumbuki hata kidogo. Chukua funguo za karakana. Mimi basi."

Aibu ni kitu cha ajabu. Kwa muda wa pumzi moja Kucha alinyamaza. Aliona kwamba akinyamaza, jina lake linabaki safi, na mzee anakaa nyumbani, mbali na magurudumu, salama mpaka mwisho wa siku zake. Hakuna ambaye angejua. Ilimpita kichwani ikiwa imevaa nguo za huruma kabisa, na ilimtisha kuliko mambo yote ya asubuhi ile.

"Ni mimi," alisema. "Baba, ni mimi. Niliipaka jana alasiri kabla ya kukaza. Daktari alitaka picha, spana ilikuwa mbali, nikaikaza kwa vidole nikaweka rangi ili picha ipendeze. Halafu akapiga simu, nikasahau. Washa iko mezani mpaka sasa hivi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Jana? Mimi sikuwepo?"

"Ulikuwa umekwenda nyumbani."

"Mimi sikuipaka."

"Hukuipaka, Baba. Hukuigusa. Uliona nyekundu, ukaiacha, kama sheria yako."

Baba alimshika mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili, akaukandamiza, na usoni mwake kukafunguka furaha ambayo ilikuwa vigumu kuitazama. "Asante," alisema. "Asante, mwanangu." Binti yake nusura amuue na alikuwa anamshukuru. Kisha kichwa kikamrudia, akauachia mkono kwa nguvu. "Picha! Unanikalisha mbele ya gurudumu kwa ajili ya picha! Mtu mzima! Miaka ishirini nakufundisha!" Akaendelea hivyo, sauti ikipanda, na mlinzi wa gati akainuka kitini kuja kuona, na Kucha akayapokea yote kichwa chini, akilia na kushukuru kila neno.

Lakini hasira haikudumu. Ilikatika katikati ya sentensi. Baba aliikunjua tena ile karatasi, akaitazama, na kidole chake kikatafuta ule mstari wa tano.

"Hii tiki," alisema polepole. "Niliiweka kwa sababu niliiona rangi. Siyo? Niliitazama nati, nikaona nyekundu, nikaweka tiki."

"Ndiyo, Baba."

"Una uhakika?"

Kucha akasema ana uhakika, ingawa hakuwepo.